Saa nne, saa nane, saa kumi na mbili

Msimu wa kujaza fomu za masomo ukifika, simu yangu haitulii. Wauguzi wadogo, wengine niliwapokea wadini wakiwa bado wanafunzi, hunitumia swali lile lile: "Sista, nikasomee uuguzi wa saratani ama huduma shufaa?" Mara nyingi huwajibu kwa kurekodi sauti nikiwa ndani ya matatu ya Kisauni, makanga akipiga bati, na nusu ya maneno hupotelea hapo. Nimeona bora niandike, atakayeuliza tena nimtumie asome mwenyewe.

Mimi ni muuguzi wa huduma shufaa hapa Mombasa. Kwa asiyeijua kazi hii, ni kumtuliza mtu aliye na maradhi mazito: maumivu yake, kutapika kwake, usingizi wake uliopotea, hofu yake na ya watu wake, iwe tiba ya kumponya bado inaendelea ama imefika mwisho. Nikiulizwa kazi yangu arusini, watu hunyamaza kidogo, kisha mmoja huinama na kuninong'oneza: "Kwa hivyo wewe ndiye unayekaa na wanaokufa?" Hukaa nao, ndiyo. Hukaa pia na mama wa makamo anayepata kemo, yaani dawa kali za saratani, kwa ajili ya titi, anayepanga kumuoza bintiye Desemba, na ambaye shida yake kubwa wiki hii ni vidonda vya mdomoni vinavyomzuia kula hata uji.

Jibu langu kwa wauliza ni fupi. Someeni yoyote kati ya hizo mbili, zote zina kazi ya kutosha. Lakini yuko mtu wa tatu anayehitaji kufundishwa kuliko mimi na nyinyi, na hakuna chuo kinachompa fomu. Ni yule anayelala chumba kimoja na mgonjwa.

Nitalifikia hilo. Kwanza niseme tulikotoka, maana walioanza kazi juzi hudhani mambo yalikuwa hivi tangu zamani.

Chuo nilichosomea uuguzi kilitufundisha malaria, uzazi, chanjo, kifua kikuu na vidonda kwa kina. Saratani ilipita haraka, pamoja na uvimbe mwingineo, kuelekea mwisho wa muhula. Maumivu tuliyajua kama dalili ya kuandika kwenye faili. Hakuna aliyetuambia kwamba maumivu yenyewe ni kitu cha kutibu, kwamba Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo tangu mwaka 1986 wa kuyatibu kwa ngazi: anza na dawa nyepesi, panda kwenye za kati, kisha mofini, dawa kali ya maumivu. Kwa mdomo, kwa saa, kwa ngazi. Maneno matatu hayo niliyasikia mara ya kwanza nikiwa muuguzi wa miaka mingi, na nilikuwa nimeshawapiga wagonjwa sindano za kutuliza ambazo ziliisha nguvu kabla sijamaliza zamu.

Hapa Kenya mambo yalianza kubadilika mwaka 1990, Nairobi Hospice, kituo cha huduma shufaa, ilipofunguliwa ndani ya uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Daktari mmoja aliyefanya kazi pale mwanzoni, Anne Merriman, alihamia Kampala na mwaka 1993 akaanzisha Hospice Africa Uganda. Sisi wa Pwani tuna Coast Hospice, ndani ya uwanja wa hospitali kuu ambayo wenyewe bado tunaiita Makadara hata ibadilishwe jina mara ngapi. Nairobi Hospice ilikuja kushirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford Brookes cha Uingereza kutoa stashahada ya huduma shufaa ambayo muuguzi aliisoma akiwa kazini, anakwenda darasani kwa vipindi na kurudi wadini na kazi ya kuandika. Leo KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, ina stashahada ya juu ya huduma shufaa na nyingine ya uuguzi wa saratani, na anayetaka kuendelea yuko na shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Nairobi. Haya si madogo. Muuguzi mwenye miaka ishirini na mitano sasa anaweza kuchagua njia ambayo kwa rika letu haikuwepo.

Tena siku hizi masomo yanakufuata. Kuna vikao vya mtandaoni vinavyofuata mfumo wa ECHO, ulioanzishwa New Mexico kule Marekani mwaka 2003: mnakutana kwenye skrini, mmoja analeta kisa cha mgonjwa bila kutaja jina, waliobobea wanauliza na kushauri, na kila mtu anajifunza kwa kisa hicho. Mimi huingia kwenye simu, nimekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha kwa sababu hapo ndipo mtandao unashika. Nimejifunza mengi kwa njia hii kuliko kwenye semina za hoteli za ufuoni zenye chai mbili na cheti cha rangi. Najua nitakosana na watu kwa kusema hivyo.

Sasa, wale wanaopenda uuguzi wa saratani wenyewe, yaani kutoa kemo na kusimamia wagonjwa wa mionzi. Hii ni kazi ya mikono makini. Utafundishwa kuvaa glovu mbili na gauni lisilopenyeka, kuhesabu dozi kwa kimo na uzito, na kusoma kadi ya damu kabla ya kufungua dripu. Utafundishwa pia dawa ikitoka nje ya mshipa ufanye nini, na hapo ndipo utajua kwa nini haifai mtu yeyote tu kuitwa kushika sindano. Ile dawa nyekundu ya kemo, doksorubisini, ikivuja huchoma nyama mpaka ndani. Unafunga dripu papo hapo, huing'oi sindano, unavuta kilichomwagika kadiri unavyoweza, kisha unaweka kitu cha baridi. Vinkristini, dawa nyingine ya kemo, yenyewe ikivuja hutaka joto. Ukizibadilisha, umemzidishia mgonjwa madhara na unadhani umemsaidia.

Na vinkristini ina hatari nyingine kubwa zaidi. Hutolewa kwa mshipa peke yake. Ikiingizwa kwenye uti wa mgongo, ambako watoto wenye saratani ya damu hudungwa dawa nyingine, huua. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2007 kwamba iwekwe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, ili hata aliyechoka asiweze kuikosea mahali pa kuipeleka. Napenda mfano huu kila ninapofundisha wanafunzi. Badala ya kumwambia muuguzi "uwe mwangalifu", wamebadilisha chombo.

Dawa hiyo, kwa taarifa yenu, inatokana na mmea mnaoujua. Ni ule wenye maua madogo ya waridi au meupe, matano matano, unaoota wenyewe penye mchanga na chokaa, kwenye kuta za nyumba mbovu na makaburini. Asili yake Madagaska. Nimewahi kukuta nyumba ambayo majani yake yanachemshwa kwa sababu mtu amesoma kwenye simu kwamba ndiyo dawa ya kansa. Jamani, kilo kwa kilo za majani yale hutoa chembe tu ya dawa, na majani yenyewe yana sumu nyingine pamoja nayo. Uacheni uote.

Nirudi kwa mofini, kwa sababu huko ndiko ninakoishi.

Mofini tunayowapa wagonjwa nyumbani ni maji ya kunywa. Mfamasia anachukua unga, anauchanganya na maji safi na kihifadhi, anatia rangi ili nguvu tofauti zisichanganywe. Ni chungu sana. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na karibu kila kitu kingine katika tiba ya saratani, na bado ndiyo iliyo adimu duniani. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2017 ilipiga hesabu: katika karibu tani 299 za mofini na dawa za jamii yake zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1. Nilipoisoma tarakimu hiyo nilidhani wamekosea nukta.

Dozi ya mofini ya maji hudumu takribani saa nne mwilini. Kwa hivyo hutolewa kila baada ya saa nne, maumivu yawepo yasiwepo. Na hapa saa yetu ya Kiswahili inatusaidia vizuri ajabu: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Ile ya saa nne usiku huwa mara mbili ya kawaida, ili ya saa nane usiku irukwe na watu walale. Wanafunzi hukariri hivyo kwa dakika moja. Walimu wetu walitufundisha kwa saa za kizungu, sita, kumi, mbili, sita, kumi, tukawa tunahesabu vidole.

Mwaka fulani, na sitasema ni upi, na vijimambo vingine nimevigeuza ili familia isitambulike, nilipangiwa bibi mmoja upande wa Mtongwe, ng'ambo ya feri ya Likoni. Saratani ya titi, iliyochelewa kufika hospitali. Aliyekuwa akimlea ni mjukuu wake, kijana wa bodaboda, hata ndevu hazijajaa. Wanawe bibi walikuwepo: mmoja Jeddah, mmoja Nairobi, binti mmoja ameolewa Malindi na ana wadogo wa kunyonya. Walituma pesa, walipiga simu, waliumia kwa mbali. Usiku wa manane aliyekuwepo ni yule kijana.

Nilifika na nikakuta chupa ya mofini karibu imejaa, wakati ilipaswa kuwa chini ya nusu. Bibi amekunja uso, hageuki ubavu. Nikamuuliza kijana anampa vipi.

"Akilia, Sista."

"Na asipolia?"

"Namhifadhia. Isije ikaisha halafu azidiwe."

Alikuwa ameambiwa hospitalini, "mpe kila saa nne," akiwa amesimama dirishani kwa famasi, foleni nyuma yake, mkononi karatasi za bima, bibi amekaa kwenye benchi anatapika. Yeye alisikia saa nne, akaelewa saa nne asubuhi na saa nne usiku, na katikati ikawa akilia. Aliyemwambia ana cheti, pengine kizuri kuliko changu. Maelezo yalikuwa sahihi. Hakuna aliyemtaka ayarudie kwa maneno yake, hakuna aliyempa bomba la kupimia avute dawa mwenyewe wakati tunamwangalia.

Tulikaa barazani nikamwandikia nyakati zote tano za dawa kwenye karatasi, nikampa maji ya mfereji kwenye kikombe avute kipimo mpaka mkono ukazoea. Nikamweleza kwamba tukingoja maumivu yarudi, yakirudi hutaka dozi kubwa zaidi kuyashusha. Akafikiri, akasema: "Kumbe ni petroli. Huwezi kungojea pikipiki ikuzimikie juu ya daraja la feri ndipo utafute pa kuijaza." Nimefundisha somo hili kwa miaka na sijapata kulieleza vizuri hivyo.

Halafu akaniuliza lililokuwa likimkera kweli. Je, hii si ile ile inayowaharibu vijana? Swali hili hapa Mombasa si la ujinga. Kila mtaa una nyumba iliyozika mtoto kwa sababu ya heroini, na kliniki ya Kisauni ya methadoni, dawa ya kuwaachisha watu heroini, haikufunguliwa bure. Zinatoka jamii moja, sikumficha. Lakini mtu anayeinywa kwa kipimo, kwa ajili ya maumivu, kwa saa, haitafuti kwa tamaa, na dozi ikipandishwa ni kwa kuwa ugonjwa umepanda. Siku za kwanza atasinzia na pengine kichefuchefu kimshike, kisha mwili huzoea. Choo tu ndicho kisichozoea. Kila anayepewa mofini apewe dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo, na ikikosekana, vitabu vya hospisi za Afrika vinataja mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Kwetu papai halijapata kuwa shida. Na chupa ikae ndani ya kasha lenye kufuli, kwa sababu si kila anayeingia chumbani anakuja kumjulia hali mgonjwa.

Kidonda cha bibi kilikuwa kimefunguka na kinanuka. Nyumba yote ilifukizwa udi asubuhi na jioni, majirani walidhani kuna harusi inakuja. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha kukaa ukumbini na wanawake wenzake, na hilo lilimuuma kuliko kidonda. Vidonge vya metronidazoli, vile vile vya kawaida vya tumbo, ukivisaga na kunyunyiza juu ya kidonda kilichosafishwa kwa maji ya chumvi, harufu hupungua kwa siku chache. Kijana alikuwa akisaga kwa chupa ya soda juu ya sinia, kwa bidii utadhani anasaga iliki ya biriani la watu mia. Bibi alirudi ukumbini. Udi ukaendelea, lakini sasa kwa sababu aliupenda.

Siku moja Jeddah akapiga. Alizungumza nami kwa adabu sana: "Sista, nakuomba kama dada yangu, Mama asiambiwe jina la ugonjwa. Moyo wake hautastahimili." Ombi hili hulisikia karibu kila nyumba. Zamani tulikuwa na majibu mawili tu: kukubali na kudanganya, ama kukataa na kumwaga kila kitu mbele ya mgonjwa. Mafunzo ya sasa ya kutoa habari nzito yana hatua sita, na zilizonisaidia mimi ni zile za kuuliza kwanza mgonjwa anajua nini na anataka kujua kiasi gani. Nikamwambia Jeddah sitamwambia Mama lolote asilouliza, wala sitamdanganya akiuliza. Nikaingia chumbani, nikauliza: "Bibi, wewe mwenyewe unaonaje ugonjwa huu?"

Akaniangalia kama mtoto aliyeuliza jua linachomoza wapi. "Mwanangu, nimewazika dada zangu wawili kwa titi. Huyo wa Jeddah mwambieni najua, aache kulia na simu, aje."

Alikuja. Tiketi aliikata wiki ile.

Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua Hospisi ya St Christopher's London mwaka 1967, alisema maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mwili, ya akili, ya watu wake na ya roho kwa pamoja. Kwenye mtihani tunaiandika hiyo kwa mchoro wa duara. Kule Mtongwe ilikuwa ni Jeddah, na udi, na mwezi wa Ramadhani.

Maana Ramadhani iliingia na bibi akasema anafunga. Mofini ya saa nne na ya saa nane ikawa haiwezekani. Kuna vidonge vya mofini vinavyoyeyuka polepole, kimoja daku na kimoja futari, vingetosha kabisa, lakini kuvipata na kuvilipia ni habari nyingine. Mimi sikubishana naye, si kazi yangu kumfundisha dini mtu aliyefunga tangu kabla sijazaliwa. Kijana ndiye aliyekwenda kumwita sheikh wa msikiti wa karibu. Sheikh alikaa naye kwa heshima, akamkumbusha rukhsa ya mgonjwa imo ndani ya Kitabu, na kwamba asiyetarajia kupona hulisha maskini kwa kila siku aliyokula. Bibi akauliza kama anaweza kuwalisha watoto wa mtaani kwake. Inafaa, akaambiwa. Basi kila magharibi kulikuwa na msururu wa watoto mlangoni, kaimati na tambi na uji wa pilipili manga, na mofini ikaendelea kwa saa zake. Tangu hapo kila ninapofundisha, namtaja sheikh, kasisi na mzee wa kaya katika orodha ya watu wa kushirikiana nao mapema, kabla shida haijafika.

Bibi alifariki nyumbani kwake, Jeddah yuko, maumivu yametulia.

Nimeandika kirefu kuhusu nyumba moja kwa sababu nataka mwone kazi ilifanywa na nani. Mimi nilikwenda mara kwa mara. Daktari alisaini karatasi. Usiku na mchana alikuwa mvulana mwenye bomba la kupimia na karatasi ukutani. Tunahesabu wauguzi waliofuzu, na tufurahi wakiongezeka. Sera ya taifa ya huduma shufaa ya 2021 hadi 2030 nimeisoma na ina mazuri mengi. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa mikoba na serikali mwaka 2023, wenye mashine za presha na sukari, wanapita mlango kwa mlango. Natamani kila mmoja wao angejua zile nyakati tano za mofini, na kumwuliza mlezi, "Hebu nionyeshe unavyovuta dawa."

Na kuna jambo la sheria. Uganda, tangu 2004, muuguzi aliyesomea huduma shufaa kwa mtaala maalumu anaruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini mwenyewe. Kwetu mimi hungojea saini ya daktari. Nimeshuhudia, katika hospitali ambayo sitaitaja, Ijumaa jioni, mgonjwa amekuja na jamaa zake kutoka ndani kabisa ya Kwale, dawa imejaa kabatini, mimi nimesimama nayo upande wa pili wa dirisha, na mwenye kuandika ameshakwenda wikendi. Tukampa za ngazi ya chini mpaka Jumatatu. Wanaosema wauguzi wataitumia vibaya waende Kampala waone. Wamekuwa wakiiandika kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kuhusu pesa sitasema mengi, kila mtu ana kisa chake cha SHA, bima ya afya ya serikali, tangu ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, Oktoba 2024. Ila mkipanga siku za kliniki, mjue karatasi na alama za vidole hula asubuhi nzima, na mlezi anayesubiri hapo amekaa tu, ana njaa, hana la kufanya.

Hapo ndipo tulipoanza kitu kidogo. Yule kijana wa Mtongwe alirudi, arubaini ya bibi ilipokwisha, kurudisha dawa zilizobaki kwenye kasha na ufunguo wake. Nikamwomba akae kidogo na mama mmoja aliyekuwa akilia kwenye benchi kwa kuwa haelewi chupa. Akakaa. Akaomba kikombe cha maji, tukatia rangi kidogo ya sharubati ionekane vizuri kwenye bomba, akamfundisha kwa mfano wake wa petroli. Wengine wakasogea. Sasa huja siku za kliniki, si zote, akipata nafasi. Anawaandikia saa kwenye kadi za boksi la viatu, maandishi makubwa, na anawaambia wabandike mahali ambapo na mgonjwa anaona, ili naye ajue anadai nini na saa ngapi. Huyo hana cheti, wala sijui chuo kitakachompa. Wauguzi wapya wa stashahada ya juu wanapokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, siku ya kwanza huwaketisha kwenye benchi lake wasikilize.

Nimeandika barua mbili ofisini kuomba apewe posho ya siku anazokuja, hata chakula cha mchana. Ya kwanza iliulizwa ana sifa gani za kitaaluma. Ya pili bado haijajibiwa. Feri kwa mwenye miguu ni bure, lakini pikipiki inalipiwa, na pikipiki ndiyo kazi yake, hawezi kuiacha Likoni siku nzima. Kwa hivyo kila siku ya kliniki tunapitisha bahasha chumba cha chai, na anayetaka kufundishwa naye anitumie ujumbe nimwambie ni siku ipi.